Siku tano za kujifunza kuiga marumaru kwa rangi, Kirumba, Mwanza: uzoefu wangu

Kaunta ya saluni yangu pale Mabatini ni ya MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, imepauka, na pembeni ilishaanza kumenyeka. Nikataka ionekane kama jiwe la marumaru, kwa kupakwa rangi tu. Fundi wa kwanza akanitajia laki tatu na nusu, kwa kaunta ambayo ukinyoosha mikono unaishika ncha zote mbili. Nikaona bora nijifunze mwenyewe. Shoga yangu akanielekeza kwa fundi rangi wa Kirumba anayefundishia nyumbani kwake, uani: laki na ishirini, siku tano, saa tatu asubuhi mpaka saa sita.

Tulikuwa wanne, mimi na vijana watatu wapiga rangi. Wao walinizidi kushika brashi. Mimi niliwazidi subira, maana nimesuka rasta miaka kumi na moja.

Siku ya kwanza marumaru hatukuyaona. Puti, msasa, puti, msasa, vumbi mpaka kwenye kope. Kabla hatujaondoka akatupa vipande viwili vya ubao, kimoja kimepakwa rangi nyeupe isiyong'aa, kingine silki, yenye mng'ao kidogo. Tukapitisha rangi ya kijivu iliyolegezwa kwenye vyote viwili. Ule usiong'aa uliinywa palepale, likabaki doa halifutiki. Kwenye silki iliteleza, unaisukuma unakotaka. Kwangu somo hilo peke yake lilirudisha nusu ya ada, kwa sababu nyumbani nilikuwa nimeshanunua ndoo nzima ya ile isiyong'aa.

Hiyo rangi ya kulegezwa yeye anaiita glezi: sehemu moja ya rangi ya maji, sehemu nne za klia yake, ile isiyo na rangi, na maji kidogo, mpaka unaona kilicho chini. Tuliiga marumaru ya Carrara, yale meupe ya Italia yenye mishipa ya kijivu. Unaweka mabaka ya kijivu kwa mshazari, unayagonga kwa sponji yenye unyevu, kisha unapitisha brashi pana laini kwa juujuu kama unafuta vumbi kwenye redio. Mabaka yanalegea, yanakuwa kama moshi.

Halafu unyoya. Ndiyo, wa kuku. Unachovya ncha, unaushika mwishoni kabisa kwa vidole viwili, unauvuta huku ukiuviringisha na mkono ukitetemeka kwa makusudi. Mshipa unanenepa, unakonda, unapotea, unaibukia mbele. Wangu wa kwanza ulikuwa mzizi wa muhogo. "Dada, mshipa haukatizi mwenzake kama njia panda," akaniambia. "Unagawanyika, wakipendana wanakutana tena." Nilifuta kwa kitambaa cha maji mara saba. Uzuri wa glezi ni huo, ikiwa bado mbichi haikuwekei kinyongo.

Tukiwa tunakata tamaa alitutolea simu akatuonyesha kazi za Thomas Kershaw, Mwingereza aliyepata medali kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851 kwa kuiga mawe na mbao kwa brashi tu. Kijana mmoja aliikuza picha mpaka ikavunjika vipande, akisema fundi anatudanganya, hilo ni jiwe.

Siku ya graniti ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo rahisi. Graniti haina mishipa, ina punje. Alitutuma kwanza tukayaangalie mawe yenyewe, na Mwanza mawe hayatafutwi. Nilisimama karibu na kivuko cha Kamanga nikilitazama Jiwe la Bismarck, ambalo nimelipita tangu utoto, nikagundua sikuwahi kujua lina rangi ngapi. Tuliporudi: sponji ya kijivu kilichokoza, sponji ya kijivu kilichofifia, kisha mswaki wa zamani unachovya kwenye nyeusi, unaukwaruza kwa kidole gumba, punje zinaruka. Malizia na nyeupe kidogo. Ukuta wa nyuma ya sinki langu sasa ni graniti, na wateja wanaugusa.

Siku ya mbao sikuridhika. Alitupa kile kifaa cha mpira unachokibembea na kukiburuta, kinatoa mistari na jicho la mti. Tatizo jicho ni lilelile, linajirudia kama ua la kitenge. Nilitaka mninga, nikapata kitenge cha mninga. Tulifundishwa kwa haraka, alikuwa na saiti Nyegezi inamsubiri.

Lingine ambalo hakulisema: upepo. Kwake tulikuwa tunafanya asubuhi, ziwa limetulia. Mimi saluni nilianza Jumapili saa tisa mchana, mlango wazi, upepo wa ziwani unaingia wenyewe. Glezi ilikauka kabla sijashika brashi ya kulainisha. Mteja wangu mmoja akachungulia akauliza kama nimechora sangara mwenye upele. Nikampigia fundi, ndipo akanipa siri: anza alfajiri, funga mlango, fanya nusu mita nusu mita, na mtu wa pili alainishe nyuma yako. Sasa hayo si ndiyo niliyolipia? Na brashi laini, unyoya na klia unanunua mwenyewe, jambo ambalo niliambiwa nikiwa nimeshalipa. Kwangu iliongezeka elfu sitini na tano.

Jaribio la pili lilitoka vizuri. Kwenye vanishi alitushauri sawasawa: juu ya nyeupe usipake ya mafuta, baada ya muda inakuwa meno ya mvuta sigara. Nikapaka ya maji, mikono mitatu. Wiki ya pili binti wa kucha akamwaga asetoni, vanishi ikalainika, na mishipa yangu miwili ikaondoka na pamba. Nimeparekebisha, nikalaza kioo juu. Kama kaunta yako inaona asetoni, anza na kioo.

Ningempa nyota nne kwa marumaru na graniti, mbili kwa mbao. Nilimwambia hivyohivyo. Akanijibu kwa sauti ya WhatsApp, msasa unasikika nyuma: "Njoo Jumamosi na kipande chako cha mninga cha kweli, tukikopi kwa brashi, ule mpira tuutupe." Kipande ninacho, nimekikata kwenye mguu wa stuli iliyovunjika.