Hita ya maji ya lita 50 hapa Ilboru: hita ni nzuri, shughuli iko kwenye kuifunga

Nianze na jibu kwa wale wanaotaka kujua tu kama wanunue au waache: nunueni. Hita yetu ya tangi, lita 50, wati 1,500, imetuvusha Juni na Julai vizuri kabisa, watoto wanaoga asubuhi bila kukimbizana, na mama mkwe akija haulizi tena kama jiko la mkaa limewashwa. Ila bajeti yenu msiifanye kwa bei ya dukani peke yake. Mimi hita niliinunua laki tatu na ushee kwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kilombero, nikadhani nimemaliza. Waya, breka, athi (njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja), mabomba na ufundi vilikula karibu kiasi kama hicho tena. Sasa nikiulizwa ni fedha ipi ilikuwa na kazi zaidi, nasema hiyo ya pili.

Chapa sitaitaja. Nilizunguka maduka kadhaa na kwa kweli hita za daraja hili zinafanana: tangi la chuma lililopakwa enameli ndani, koili moja ya kupasha maji, thamostati ya kukata umeme maji yakishapata moto, na kile kijiti cha magnesiamu kinacholiwa na kutu badala ya tangi lenyewe. Angalieni udhamini wa tangi, angalieni kama vipuri vinapatikana hapa Arusha, basi. Muuzaji atakusifia rangi ya taa ya mbele.

Kabla ya hapo tulikuwa na ile shawa ya umeme inayofungwa kichwani mwa bomba. Walio nayo wanaijua raha yake na karaha yake. Maji yanapata moto papo hapo, haina kusubiri, bei rahisi. Lakini ya kwetu ilikuwa ya kilowati tano na nusu, yaani inavuta karibu ampea 24 kwa mkupuo, na ukigusa koki huku unaoga mkono unasisimka kama umetambaliwa na sisimizi. Dawa ya nyumba nzima ilikuwa kuoga na ndala. Wageni tulikuwa tunawaambia mlangoni: "Usivue ndala, na koki ifungulie nje ya maji." Tulilisema hilo kwa kawaida tu, kama unavyomwambia mtu taulo iko wapi.

Fundi wa kwanza alikuja na bisibisi na ngazi, akatazama ile shawa, akasema, "Mama, hapa umeme upo tayari. Natoa hii, naning'iniza hita, nachukua waya huohuo. Saa moja nimemaliza." Nikamuuliza habari ya shoti. Akasema hita za tangi hazipigi shoti. Nikamshukuru, nikampa nauli. Kitu kinachopigwa shoti si hita wala shawa, ni mtu, na njia ya umeme kumfikia mtu ilikuwa bado ipo palepale ukutani.

Wa pili nilimpata kwa jirani aliyejenga juzi. Huyu ana leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na aliitoa mwenyewe kabla sijaiomba. Cha kwanza alichofanya ni kuzima meni swichi, akapima kuhakikisha hakuna kitu, akafungua kile kisanduku cha juu ya mlango wa bafu. Akaniita nione. Waya mwekundu na mweusi zilikuwa zimefungwa vizuri. Ule wa kijani na njano, ambao ndio athi, ulikuwa umekatwa, ukakunjwa, ukaviringishwa tepu nyeusi na kusukumiwa nyuma ya kisanduku. Tepu ilikuwa imekauka mpaka inapukutika. Miaka yote tuliyokaa humo shawa yetu haikuwa na athi hata kidogo; shoti iliyokuwa inavuja haikuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye maji, kwenye koki na kwetu.

Tukatoka nje kuangalia athi rodi, ile fimbo ya chuma inayozamishwa ardhini. Ilikuwepo, imesimama pembeni ya ukuta, lakini ukiishika inacheza. Huku kwetu ukichimba kidogo unakutana na mawe ya Meru, na aliyejenga ni wazi alipokutana na jiwe aliikata fimbo kwa juu ikaonekana imezama. Fundi akapiga mpya ya shaba sehemu yenye udongo mwingi, karibu na mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, pasipokauka. Akapima kwa kifaa chake badala ya kukisia.

Hapa ndipo aliponifundisha jambo ambalo nilikuwa silijui, na naona wengi tunalikosea. Sisi tunaamini kwamba ukiwa na athi na breka, hitilafu ikitokea breka itaruka. Akanipigia hesabu pale pale kwenye karatasi ya boksi la hita. Umeme wetu ni volti 230. Tuseme athi yako ina ukinzani wa omu 50, ambao kwa ardhi ya mawe ni jambo la kawaida. Koili ikipasuka na umeme ukagusa tangi, mkondo utakaopita kwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 50, ampea nne na nusu hivi. Breka yako ni ya ampea 16. Hairuki. Inaona kama umewasha pasi tu. Tangi linabaki na umeme, maji yanabaki na umeme, na mtu aliye chini ya bomba hana taarifa.

Kinachookoa hapo ni kile kifaa kilichoandikwa RCCB, wengine wanakiita ELCB ingawa hiyo ni ya kizamani kidogo. Chenyewe hakiangalii ukubwa wa mkondo. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ikipungua miliampea 30 njiani, maana yake kuna mahali inavuja, kinakata chini ya theluthi moja ya sekunde. Kwa hiyo hata athi isiyo nzuri sana inatosha kukiamsha. Vyote viwili vinatakiwa: athi iupe umeme uliovuja njia, RCCB iukate. Nyumba yetu haikuwa nacho. Kilichokuwepo ni breka tu, zimepangwa vizuri zinapendeza.

Nyaya zile za zamani hakutaka hata kuzijadili. Akavuta waya mpya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye DB, kile kisanduku cha breka, moja kwa moja mpaka bafuni, peke yake, haugawani na soketi wala taa. Hita ya wati 1,500 inavuta ampea sita na nusu tu, kwa hiyo waya huo unatosha na unabaki. Swichi ameiweka nje ya bafu, ukutani koridoni, ile ya ampea 20 yenye taa nyekundu, na ni ya kukata laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwa pamoja. Nilimuuliza kwa nini isiwe swichi ya kawaida. Akasema kuna nyumba anaingia anakuta laini na nyutro zimegeuzwa, na swichi ya upande mmoja hapo unazima huku tangi bado lina umeme ndani. Sikuuliza zaidi.

Ukuta: lita 50 za maji ni kilo 50, jumlisha tangi, unazidi kilo 65 zinazoning'inia juu ya mahali mtoto anaposimama. Wetu ni wa tofali za saruji, akatumia bolti nene za kupanuka zenye ndoano. Kama ukuta wako ni wa jipsamu au mbao, hapo ni mazungumzo mengine kabisa na mtu wa ujenzi.

Kwenye mabomba nilijaribu kubana matumizi nikazuiwa. Nilikuwa na vipande vya PVC vilivyobaki. Fundi bomba, ambaye alikuja na mwenzake, akanitazama akacheka: "Dada, hii ukiipitishia maji ya nyuzi 60 italegea kama tambi." Akaweka PPR, mabomba ya plastiki ya maji ya moto, za kuchomelea, na koki ya kufungia maji kabla ya kuingia kwenye tangi ili siku ya matengenezo nisifunge maji ya nyumba nzima.

Halafu kuna ile valvu ndogo ya shaba chini ya hita, upande wa maji baridi. Hiyo niizungumzie kidogo, maana ndiyo inayochokozwa zaidi na watu. Maji yakipata moto yanavimba. Lita 50 zikipanda kutoka nyuzi 18 mpaka 60 zinaongezeka karibu robo tatu ya lita, na kwa kuwa valvu hairuhusu maji kurudi nyuma, ziada hiyo lazima itoke mahali. Inatoka pale, tone kwa tone. Siku za mwanzo dada wa kazi aliona inachuruzika akataka kuiziba kwa kitambaa na mpira. Jirani yangu mmoja aliambiwa na fundi wake aweke plagi, na akaweka, na nimemsihi aitoe. Thamostati ikigoma siku moja na valvu imezibwa, maji yatapita nyuzi 100 yakiwa yamebanwa, na tangi likipasuka maji hayo yanageuka mvuke mara moja. Sisi tumeunganisha kimrija cheupe kinachoshuka mpaka kwenye sinki. Mdomo wake uko wazi, na kila baada ya muda nanyanyua kile kishikio kidogo cha valvu nione kama bado inatema maji.

Kuwasha mara ya kwanza, mpangilio ni huu: fungua koki ya maji ya moto, acha tangi lijae mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo uende kwenye swichi. Ukiwasha tangi likiwa tupu koili inaungua na udhamini unaisha siku hiyohiyo.

Sasa LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, najua ndicho mnachosubiri. Kupasha tangi zima kutoka baridi ya asubuhi mpaka nyuzi 60 kunakula uniti mbili na nusu hivi. Kwa sisi tulio kwenye tarifu ya kawaida, ambapo uniti inafika shilingi 356 na kodi zake, ni kama shilingi 870. Ukiyachanganya na baridi unapata ndoo nne na ushee za lita 20 za kuoga. Watu wanne wasiojifanya wako hotelini wanatosha. Lakini wale mlioko kwenye tarifu ndogo, mnaonunua uniti 75 kwa 9,150, fikirini vizuri. Hita ikiwashwa kila siku inamaliza hizo 75 yenyewe, na mkizoea kupita kiwango mnahamishwa. Kwa nyumba ya watu wawili ningesema chemsheni ndoo.

Shemeji yangu anayeishi Uingereza alinishauri niweke taima iwashe usiku wa manane. Kule ana hita za chumbani zenye matofali mazito ndani, zinapashwa usiku kwa umeme wa bei nafuu kwa muda wa saa saba, kisha zinatoa joto mchana kutwa. Ni wazo zuri kwao. LUKU yetu haijui usiku wala mchana, uniti ni ileile, na maji yaliyopashwa saa nane usiku yanapoteza joto bure mpaka saa kumi na mbili. Mimi nawasha saa kumi na moja kasoro, tunaoga, nazima. Jioni kama umeme ni mdogo, na huku jioni mara nyingi ni mdogo, subirini zaidi: volti zikishuka mpaka 180 hita inafanya kazi kwa kama asilimia 60 tu ya nguvu yake.

Joto lenyewe nimeliacha 60. Kulishusha mpaka 40 ili kuokoa umeme kunawapa bakteria mahali pazuri pa kuzaliana ndani ya tangi. Ubaya ni kwamba maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtu mzima kwa sekunde chache, mtoto mapema zaidi, kwa hiyo kwetu sheria ni kufungua baridi kwanza. Na maji ya hita si ya chai. Madini ya floridi yaliyomo kwenye maji ya upande wetu huu hayaondoki kwa kuchemsha, asiwadanganye mtu.

Nisichokipenda: taa ya mbele ni hafifu, mchana huioni kabisa. Kitabu cha maelekezo kina lugha nyingi na Kiswahili hakimo. Na kile kijiti cha magnesiamu kimekaa mahali ambapo ili kukikagua lazima utoe maji yote na kufungua kifuniko cha koili, kazi ambayo si ya mtu wa nyumbani. Nimeshaongea na fundi aje kabla ya baridi ijayo.

Kwa wapangaji, ambao mnakuta hita imefungwa tayari: siku ya kukagua chumba nendeni kwenye DB, tafuteni kitufe cha RCCB kilichoandikwa T au TEST, mkibonyeze mwenye nyumba akiwepo. Umeme ukikatika, rudisheni, endeleeni kuongea bei. Usipokatika, au kitufe hakipo, kodi ya miezi sita msiitoe kwanza.