Kadi ya waifai ya shilingi 25,000: kilichokuwa kibovu ni draiva

Kadi hii ndogo ya waifai, ya kuchomeka kwenye USB, niliinunua Makoroboi, hapa Mwanza, kwa shilingi 25,000. Kompyuta yangu ni ya mezani, ina Windows 10, haikuja na waifai. Nipo Malimbe, nachapa ripoti za wanachuo, hivyo mtandao ukikata na kazi imelala.

Siku mbili ilikwenda vizuri sana. Ya tatu ikaanza vituko: nikiinuka tu kukoroga uji, nikirudi taa yake ya kijani imezima. Naichomoa, naichomeka, inarudi, baada ya dakika kumi imezima tena. Usiku mmoja ripoti ya binti mmoja ilikuwa inapanda, imefika asilimia 90, ikakata. Mwisho wa kukusanya ulikuwa saa sita usiku. Tuliituma kwa simu yangu, yule binti machozi yanamlengalenga. Iliniuma mno.

Nilidhani ni mtandao wa simu, nikaongeza bando bure. Siku nyingine alama ya waifai ipo lakini hakuna kinachofunguka, nikaandika ping, amri ya kupima kama kifaa kingine kinajibu, na anwani ya ruta yangu (kifaa kinachonigawia mtandao), 192.168.1.1. Hakuna jibu, wakati simu kwenye ruta hiyohiyo inafungua kila kitu. Kumbe shida ipo humu ndani! Fundi mmoja mjini akasema kadi imekufa, ninunue nyingine. Namshukuru Mungu sikuharakisha.

Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, nikafungua orodha ya vifaa, nikaingia kwenye sifa za kadi. Sehemu ya umeme ina tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kadi ili kuokoa umeme. Nikaitoa. Ikatulia kiasi, ila kompyuta ikilala na kuamka, kadi haionekani.

Hapo ndipo nikaigeukia draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Kwenye sifa hizohizo kuna namba ya utambulisho: herufi nne baada ya VID ni za kampuni, nne baada ya PID ni za kifaa chenyewe. Jina lililoandikwa kwenye boksi halikunisaidia, namba hiyo ndiyo iliyonionyesha chipu iliyomo. Intaneti ya kupakulia nilitoa kwenye simu kwa waya wa USB, kompyuta inaipokea kama mtandao wa waya. Draiva ya zamani niliiondoa pamoja na mafaili yake. Hapa msiruke, maana mara ya kwanza niliyaacha mafaili hayo na Windows ikairudisha draiva ileile. Nikaweka mpya, nikazima na kuwasha.

Wiki ya tatu hii, haijakata hata mara moja. Kadi yenyewe ni nzuri, inashika kupitia kuta mbili. Lawama yangu ni kile kisidii kidogo ndani ya boksi, kompyuta nyingi siku hizi hazina pa kukiweka, na draiva yake ni ya zamani. Hii mpya nimeihifadhi. Jirani mwenye kadi kama yangu aje na flashi.