Uzoefu Wangu wa Kuomba Unafuu wa Kodi ya Halmashauri Uingereza Wakati wa Korona

Wakati wa korona nilitumia huduma mbili ili kupunguza mzigo wa kodi ya halmashauri, ambayo huku England inaitwa Council Tax. Ya kwanza ni punguzo linalotolewa na halmashauri yenyewe kwa wenye kipato kidogo, na ya pili ni ushauri wa madeni unaotolewa bure kwa simu na asasi za hisani. Hii ya pili naisifu bila kusita. Ile ya kwanza ilinipunguzia fedha za kweli, lakini namna inavyomfikia mwenye shida ina kasoro kubwa, kiasi kwamba mtu anaweza kuendelea kudaiwa huku msaada wake umelala ofisini.

Kwa wasomaji walioko Tanzania, kodi hii haifanani na kodi ya majengo, ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba (ingawa siku hizi inakatwa kwenye luku na mara nyingi mpangaji ndiye anayeinunua). Huku kwa kawaida anayeishi ndani ndiye anayedaiwa, awe mwenye nyumba au mpangaji. Kiwango hutegemea daraja la nyumba, kuanzia A hadi H, kwa thamani iliyokadiriwa kwa tarehe 1 Aprili 1991, na malipo ya mwaka hugawanywa kwa kawaida katika awamu kumi, kuanzia Aprili hadi Januari. Ukikosa awamu moja unaletewa barua ya kukumbushwa yenye siku saba. Zikipita bila kulipa, unapoteza haki ya kulipa kwa awamu na kodi yote iliyobaki ya mwaka inadaiwa kwa mkupuo. Baada ya hapo ni wito wa mahakama ya hakimu pamoja na gharama zake, kisha madalali wa mahakama, ambao wakati huo waliongeza pauni 75 kwa kukabidhiwa faili tu na pauni 235 wakifika mlangoni.

Mimi nilikuwa kibarua wa jikoni hotelini kupitia wakala, na hoteli zilipofungwa Machi 2020 saa zangu zilikwisha. Niliomba Universal Credit, yaani posho ya serikali kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo, kama wengi walivyofanya. Katika bajeti ya 11 Machi 2020 serikali ilikuwa imetangaza mfuko wa pauni milioni 500 kwa halmashauri za England, na mwongozo uliofuata ukataka kila mtu wa umri wa kufanya kazi anayepata punguzo la kodi la halmashauri yake akatwe pauni 150 zaidi katika bili ya mwaka huo, na aliyebakiwa na chini ya hapo asidaiwe chochote.

Sharti lote limo katika maneno "anayepata punguzo". Universal Credit inaweza kuchangia pango la nyumba, lakini haigusi kodi ya halmashauri hata kidogo. Tangu Aprili 2013, kila halmashauri ya England imekuwa na mpango wake wa punguzo kwa watu wa umri wa kufanya kazi, na mpango huo huombwa kando, kwa fomu nyingine na katika ofisi nyingine. Kwa hiyo aliyeomba Universal Credit na kutulia alikosa punguzo la kawaida na zile pauni 150 pia. Kwa mtazamo wangu, serikali iliyokuwa na haraka ya kusaidia ingeziunganisha fomu hizo mbili.

Halmashauri yetu, ambayo sitaitaja, ilituruhusu pia kuanza kulipa Juni na kumaliza Machi. Huo haukuwa msamaha, kwani deni lilibaki lilelile, ila mwanzo wake ulisogezwa mbele. Kilichonikera zaidi ni kwamba kitengo cha kodi na kitengo cha punguzo havikuwa na mawasiliano: ombi langu likiwa bado linashughulikiwa, kompyuta ya upande wa pili iliendelea kutoa barua za kudai, nami nikawa kama mgonjwa anayeandikiwa dawa na daktari mmoja na kukatazwa kuimeza na mwingine.

Hapo ndipo nilipopiga simu kwa washauri wa madeni. Huduma za namna hii ni kadhaa, zikiwemo National Debtline, StepChange na Citizens Advice, na hazitozi ada. Mshauri wangu alianza kwa kuandika mapato na matumizi yangu yote, hadi nauli na fedha ninazomtumia mama kila mwezi, bila kunihukumu. Kisha alilitenganisha deni la kodi nililokuwa nalo tangu majira ya baridi yaliyopita na bili ya mwaka mpya, akanishauri kutaja mwaka ninaolipia kila ninapotuma fedha, ili bili mpya isigeuke deni wakati nalipunguza la zamani. Alinieleza pia kwamba sheria inaniruhusu kuomba awamu kumi na mbili badala ya kumi, na kwamba kifungu cha 13A cha sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1992 kinaipa halmashauri uwezo wa kupunguza kodi ya mtu yeyote aliye katika dhiki, hata kama hatoshelezi masharti ya mpango wa kawaida. Barua niliyoiandika kwa kutumia maelezo hayo ilijibiwa na binadamu, si kompyuta. Punguzo liliingia, pauni 150 zikakatwa, na deni la zamani likawekewa mpango wa kulipwa kidogo kidogo.

Tangu Mei 2021 washauri hao wana nyenzo nyingine kwa wakazi wa England na Wales, iitwayo Breathing Space, inayosimamisha ufuatiliaji wa madeni kwa siku 60. Huwezi kujiingiza mwenyewe. Lazima upitie kwa mshauri anayetambuliwa.

Wenye viza zinazokataza fedha za umma, yaani misaada ya serikali kama Universal Credit, wawe waangalifu kabla ya kujaza fomu yoyote, kwa sababu punguzo la wenye kipato kidogo linahesabiwa kuwa fedha za umma na kulipokea kunaweza kuleta matatizo ya uhamiaji. Punguzo la asilimia 25 kwa mtu mzima anayeishi peke yake halimo katika katazo hilo, wala msamaha wa nyumba inayokaliwa na wanafunzi wanaosoma muda wote (full-time) pekee. Haya mawili yanaweza kuombwa bila hofu, na kwa wengi wetu wanaoanza maisha huku ndiyo unafuu wa kwanza wa kuulizia.