Glee na matangazo yake: naandika kama mwalimu wa kwaya

Nianze na bango. Kabla Glee, tamthilia ya Kimarekani kuhusu kwaya ya shule, haijarejea hewani Septemba 2009, kituo cha Fox cha Marekani kilitoa picha za waigizaji wakiwa wamekunjua kidole gumba na cha shahada hadi vikatengeneza herufi L. Herufi hiyo ya vidole ndiyo iliyokaa mahali pa L kwenye jina la tamthilia. Kwa vijana wa Marekani, ishara hiyo ukiiweka kwenye paji la uso ni tusi: unamwambia mwenzako hana lolote na hatafika popote. Waliotengeneza tangazo wakalichukua tusi lilivyo, wakalifanya sehemu ya jina.

Sijaona tangazo la kwaya lililo kweli kuliko hilo. Nafundisha kwaya ya vijana Tabata, na najua mvulana wa miaka kumi na sita anasikia maneno gani akipita na faili la nyimbo mbele ya wenzake wanaoelekea uwanjani. Sauti ya tatu na ya nne, zile za wanaume, zinanikimbia kila mwaka kwa sababu hiyo. Mabango mengi ya vipindi vya vijana yanakuuzia sura nzuri na nguo. Hili lilimwambia mtazamaji kwamba watu anaokwenda kuwaona ni wale wanaochekwa, na kwamba wamekubali kusimama mbele hivyo hivyo.

Hadithi yenyewe kwa ufupi. Katika sekondari ya William McKinley, mji wa Lima, jimbo la Ohio, mwalimu wa Kihispania aitwaye Will Schuester anaomba kufufua kikundi cha kuimba alichokuwamo yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi. Mkuu wa shule anamtaka alipe dola 60 kwa mwezi kutoka mfukoni mwake. Wanaojitokeza ni wachache: Rachel mwenye sauti ya kupasua dari na hamu ya kuwa nyota, Mercedes, Kurt, Tina, Artie anayetumia kiti cha magurudumu. Baadaye anaongezeka Finn, nahodha wa timu ya mpira wa Kimarekani, ambaye mwalimu alimsikia akiimba bafuni. Shuleni hapo ukionekana uko kwaya unamwagiwa usoni gilasi ya barafu iliyosagwa yenye rangi. Tukio hilo linarudi mara nyingi, nami sikulichoka, maana kila anayemwagiwa hulipokea kivyake.

Mimi Glee niliiona kwa njia ambayo wakazi wengi wa Dar waliona tamthilia za nje wakati ule: diski ya Kariakoo, msimu mzima umebanwa humo, maandishi ya Kichina yakipita chini ya skrini. Diski hizo hazikuwa na tangazo hata moja. Sehemu ilikuwa inakwenda, inakatika ghafla pale Marekani walipopumzika kwa biashara, kisha inaendelea. Kwa hiyo niliijua Glee kwanza kama hadithi tupu, na baada ya miaka, bando lilipoanza kuwa la kununulika, nikaanza kuyatafuta matangazo yake YouTube, moja baada ya jingine. Nilipoyaona ndipo nikaelewa kwa nini tamthilia ilibadilika njiani.

Angalia walivyoianzisha. Sehemu ya kwanza ilirushwa Mei 19, 2009, mara tu baada ya American Idol, shindano la kuimba la televisheni, usiku ambao watu wanaopenda kuimba walikuwa tayari wako mbele ya televisheni. Kisha wakanyamaza hadi Septemba. Katikati ya ukimya huo hawakumwacha mtazamaji apoe: wimbo wa mwisho wa sehemu ile, ule wa bendi ya Journey wa mwaka 1981, ulikuwa unauzwa mtandaoni kwa sauti za vijana hawa, na waigizaji wakazungushwa kwenye maduka ya Hot Topic kuonana na watu. Mashabiki walikwishapewa jina lao, Gleek, kabla ya sehemu ya pili. Kuna jambo linanigusa hapo. Amber Riley, aliyeigiza Mercedes, alijaribu American Idol akiwa na miaka 17 na akakataliwa. Sasa sauti yake ikapita palepale baada ya kipindi kilichomrudisha nyumbani.

Hapa mwalimu yeyote wa kwaya wa Kitanzania ataelewa haraka, maana sisi hatuna bajeti ya mabango. Kwaya ikirekodi albamu, tangazo ni wimbo wenyewe. Unapigwa kwenye gari la matangazo lenye spika mbili juu, unaimbwa ibada ya kwanza na ya pili, na washarika wanaukuta mlangoni wakitoka, kwenye meza ya CD, kabla ya uzinduzi na mgeni rasmi wake. Glee walifanya hivyo hivyo kwa mtaji mkubwa. Kila wiki nyimbo za sehemu husika zilikuwa sokoni, na aliyeununua wimbo alirudi kutazama, na aliyetazama akaenda kununua. Kufikia Februari 2011 walikuwa wamempita hata Elvis Presley kwa idadi ya nyimbo zilizoingia chati ya Billboard Hot 100. Mwishowe walifikisha 207.

Nazisifu nyingi ya nyimbo hizo. Watayarishaji Adam Anders na Peer Åström walijua kupanga sauti. Sikiliza wimbo wa kwanza wa Blaine na wenzake wa Dalton, shule nyingine ya wavulana, katika msimu wa pili: hakuna ala, kila kitu kimetoka vinywani, na sauti za nyuma ni za kikundi cha kweli cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, The Beelzebubs. Niliwapigia vijana wangu wimbo huo jioni moja ya mazoezi, kinanda kikiwa kimefunikwa, nikawaambia wafuate sauti ya nne peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Binti mmoja wa sauti ya pili akaniuliza, “Mwalimu, hivi wale wanaimba kweli au wanachezesha midomo?” Nikamjibu yote mawili: walirekodi studio kwanza, kisha mbele ya kamera wakafuatisha sauti zao wenyewe. Nikamwambia pia kwamba Lea Michele, aliyeigiza Rachel, na Matthew Morrison, aliyeigiza mwalimu Will, walitoka kwenye majukwaa ya Broadway, ambako mtu anaimba kila usiku na hakuna wa kumfichia kosa.

Lakini studio yao ina kasoro ambayo siwezi kuinyamazia. Sauti zimenyooshwa mno na mashine. Rachel analia machozi ya kweli, lakini noti inatoka safi bila mkwaruzo, bila pumzi, bila ile sehemu ndogo ambapo koo la mwanadamu linakaribia kushindwa. Vijana wanaosikiliza hivyo siku nzima wanakuja mazoezini wakidhani sauti yao ina ugonjwa. Halafu watu wa Lima wanapewa wimbo asubuhi na mchana wameshaupanga kwa sauti nne, bendi imetokea, na mpiga kinanda Brad, ambaye karibu hasemi neno katika tamthilia yote, anajua kila kitu. Kwetu wimbo mmoja unakula wiki: kuandika solfa ubaoni, kugawa sauti, kuwasubiri wanaotoka kazini waliokwama kwenye foleni ya Buguruni. Ningependa sehemu moja tu ionyeshe kazi hiyo.

Sasa tangazo ninalolitazama kwa moyo mzito. Februari 6, 2011, baada ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, Fox walirusha sehemu ya Glee iliyotazamwa na watu milioni 26 na zaidi, wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya tamthilia hiyo. Usiku huohuo likapita tangazo refu la Chevrolet ambamo waigizaji hawahawa wanaimba na kucheza ule wimbo wa zamani wa kampuni hiyo ya magari, uliojulikana miaka ya 1950 kwa sauti ya Dinah Shore. Kwa ufundi halina dosari. Limechezwa vizuri kuliko nyimbo kadhaa za msimu ule. Na hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu wanaimba gari kwa tabasamu na nguvu zilezile walizotumia kuimbia kupendwa na kuonekana. Ukitoka kwenye tangazo ukarudi kwenye hadithi, sikio halioni mpaka.

Toka hapo naona tamthilia ikianza kuvutwa na bidhaa. Sehemu moja ina nyimbo saba, nane, na hadithi imekatwakatwa ili zitoshee. Kuna sehemu zilizojengwa juu ya msanii mmoja. Ile ya Madonna ya Aprili 2010 ilikuwa na sababu, na Jane Lynch akiwa kocha Sue Sylvester aliifanya iwe karamu. Zilizofuata baadaye nyingi zilikuwa orodha ya nyimbo iliyotafutiwa maneno ya kuziunganisha.

Sue anastahili kupewa nafasi yake. Mtu aliyekulia karibu na taarab ya rusha roho atamwelewa kabla ya Mmarekani: anaingia na suti yake ya michezo, anampasha mwalimu Will kuhusu nywele zake, anageuka, anaondoka, na wewe umebaki unatafuta jibu kama aliyetunzwa mpasho katikati ya ukumbi. Lynch alipata tuzo ya Emmy mwaka 2010 kwa nafasi hiyo, na ilimstahili.

Kuhusu zile picha za jarida la GQ la mwishoni mwa 2010, nitasema kidogo. Waigizaji watatu walipigwa picha za kutamanisha katika mazingira ya shule. Wote walikuwa watu wazima, Cory Monteith aliyeigiza Finn alikuwa na miaka 28. Lakini mavazi na makabati ya shule yalikuwa ya watoto waliokuwa wakiigizwa, na watoto halisi ndio walionunua nyimbo. Baraza moja la wazazi huko lililalamika, nami niko upande wao. Bango la L lilimheshimu kijana. Picha hizi zilimtumia.

Kinachonifanya nibaki shabiki ni baba yake Kurt. Burt Hummel ni fundi magari, mtu wa maneno machache na kofia, na mwanawe hafanani hata kidogo na kijana aliyemtarajia. Katika sehemu ya kwanza Kurt anatupwa kwenye pipa la taka na wavulana wa timu. Nyumbani ana mzazi anayekaa mezani, anajikaza, anamsikiliza. Katika msimu wa pili Burt anaugua moyo na kuzimia, na marafiki wa Kurt wanataka kumwombea ilhali Kurt hamwamini Mungu. Mercedes anamwalika kanisani, kwaya inaimba nyuma yake, na mwandishi hakumlazimisha kijana kuokoka ili sisi waumini tufurahi. Kurt mwenyewe anaimba wimbo wa The Beatles uliozoeleka kwa mwendo wa haraka, ila ameupunguza mwendo hadi umekuwa maombi ya mtoto kwa mzazi aliyelala hospitali. Hakuna aliyejaribu kuniuzia chochote katika dakika hizo. Huwa nawaonyesha wazazi wa kwaya sehemu hiyo kabla ya watoto.

Na kuna sehemu ya Oktoba 10, 2013. Cory Monteith alifariki Julai mwaka ule huko Vancouver, na tamthilia ikamzika Finn. Mwanzoni Kurt anakataa kuzungumzia alivyokufa, anataka kuzungumzia alivyoishi. Lea Michele, ambaye alikuwa mpenzi wa Cory nje ya tamthilia, anaimba akiwa amesimama mbele ya wenzake, na Naya Rivera, aliyeigiza Santana, mwanakwaya mwenzao, anaanza wimbo wake anashindwa kuumaliza, anapiga kelele, anatoka mbio. Sisi tuliowahi kuimba kwenye msiba wa mwanakwaya mwenzetu tunajua sauti ya kwanza inavyokatika kwenye ubeti wa pili, na wa sauti ya tatu wakalazimika kubeba. Naya naye alifariki Julai 2020 kwenye Ziwa Piru, California, na tangu hapo siwezi kuitazama sehemu hiyo nikiwa peke yangu.

Kwa anayetaka kuanza: nenda kwenye duka la kurushia filamu lililo karibu nawe, wakuwekee kwenye flashi sehemu 13 za kwanza, zile zinazoishia Desemba 2009 na mashindano ya kanda. Hizo ni bora kuliko zote. Msimu wa pili tazama wote, ukiruka usiku wa Super Bowl hutapoteza mengi. Wa tatu chagua. Kuanzia wa nne, wengine wakiwa wamehamia New York, tazama kwa ajili ya watu uliowapenda, hadi Machi 2015 ilipofungwa. Zipo sehemu zenye mambo ya mapenzi na pombe, kwa hiyo mzazi akae na mwanawe wa chini ya miaka 15 badala ya kumwachia simu. Na mtu akiwa na spika nzuri azime picha asikilize ule wimbo wa Dalton kwa macho yaliyofumbwa, akifuata sauti ya nne.