Karai la Chuma cha Kusubu kwa Halwa ya Karoti: Tathmini Baada ya Miezi Mitatu

Karai ninalolitathmini hapa ni la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, lenye upana wa sentimita 30 mdomoni, kina cha sentimita 9 hivi, masikio mawili ya chuma kile kile, na uzito unaokaribia kilo 4 likiwa tupu. Nililinunua katika duka moja la vyombo karibu na Barabara ya Biashara hapa Mombasa kwa shilingi 3,200, baada ya kuanza kupatana kwenye 3,800, na ukweli ni kwamba nililinunua kwa kazi moja tu: kupika halwa ya karoti, ile ambayo Wahindi wa kaskazini huiita gajar ka halwa na Wapunjabi huiita gajrela. Tangu wakati huo nimeipika mara saba, mara mbili ikiharibika na mara tano ikitoka vizuri, na katika zile mbili mojawapo ilikuwa kosa langu mwenyewe.

Msomaji wa pwani akisikia neno halwa huwaza mara moja halua yetu, ya wanga, sukari, samli, iliki na zafarani, ambayo husongwa kwa saa nyingi mpaka ikawa laini na yenye kuvutika, kisha ikaliwa kwa kahawa chungu. Halwa ya karoti ni ndugu yake wa mbali kwa jina na kwa samli, lakini haina wanga hata chembe. Hakuna kinachoifanya iwe nzito isipokuwa maji kuondoka. Karoti ina maji karibu asilimia 88 ya uzito wake, na maziwa ya ng'ombe yana kiasi hicho hicho, kwa hiyo mtu anayeweka jikoni kilo moja ya karoti na lita moja ya maziwa ameweka, kwa hesabu ya haraka, zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na sehemu kubwa ya maji hayo ni lazima ipae kama mvuke kabla hajawa na cha kupakua. Iliki, lozi na zabibu ni mapambo. Kazi yenyewe ni kukausha bila kuunguza, na kwa sababu hiyo nimeamua kukitathmini chombo kabla ya kitu kingine chochote, maana maelezo mengi ya mapishi haya hutaja viungo kwa gramu na kijiko, kisha yakasema tu «weka kwenye sufuria».

Kabla ya karai hili nilikuwa nikitumia sufuria ya kawaida ya alumini nyepesi, ile isiyokosekana katika nyumba yoyote ya hapa, na baadaye kikaango kisichoshika, ambacho nilipewa zawadi. Sufuria nyepesi hupitisha moto upesi mno pale pale mwali ulipo, na maziwa yanapoanza kuwa mazito protini na sukari yake hutua chini na kushika, halafu ukoko ule ukikwanguliwa na mwiko huchanganyika na halwa yote na kuiachia harufu ya kuungua ambayo hakuna iliki inayoweza kuificha. Ili kuepuka hilo nililazimika kupunguza moto mpaka ukawa kama wa mshumaa, na kilo moja ya karoti ikanichukua takriban saa moja na dakika 50. Kikaango kisichoshika hakikuunguza, hilo nakiri, lakini kilikuwa kifupi kwa kina, maziwa yakafurika mara mbili na kuzima jiko, na kwa kuwa hakishiki kitu hakikunipa ile rangi ya kahawia iliyofifia ambayo huja karoti inapokaangika kwenye samli mwishoni. Katika karai hili kiasi kile kile kimenichukua kati ya saa 1 na dakika 10 na saa 1 na dakika 20, kwenye moto wa wastani. Mdomo mpana huachia mvuke, na unene wa chuma husambaza joto hivi kwamba hakuna sehemu moja ya chini inayoonewa.

Sasa nieleze mara ya kwanza, ambayo ndiyo lawama yangu kubwa. Muuzaji aliniambia kwa uhakika, «Dada, hili lioshe tu, limeshanyweshwa mafuta kiwandani, leo leo unapikia.» Nililiosha, nikapikia, na baada ya saa moja na zaidi nikawa na karai zima la halwa yenye rangi ya kijivu-kijivu na ladha inayofanana na kuramba msumari. Kile alichokiita mafuta ya kiwandani kilikuwa ni utando wa kuzuia kutu tu, ambao sehemu yake iliondoka kwa sabuni na sehemu iliyobaki ikaingia katika maziwa. Niliporudi dukani nilipokewa kwa adabu na kuketishwa kwenye kiti, lakini sikupata cha kunifaa. Niliambiwa kwamba karai lililokwisha kupikiwa halirudishwi. Silitaji duka, kwa kuwa nimeuliza kwingine na nikaelezwa maneno yale yale, jambo linalonionyesha kwamba wauzaji wengi wa vyombo hivi hawavipikii.

Dawa yake ni rahisi lakini inataka siku nzima. Lisugueni karai kwa maji ya moto, sabuni na sufi ya chuma mpaka maji yatoke meupe, likausheni juu ya moto hadi lisiwe na unyevu hata kidogo, lipakeni mafuta ya kupikia kwa kitambaa, tabaka jembamba sana kana kwamba mnajutia kuyatumia, kisha lichomeni mpaka litoe moshi na moshi huo uishe. Rudieni mara nne. Fungueni madirisha, na kama mnaishi katika fleti waambieni majirani mapema, kwani wangu walikuja kugonga mlango wakidhani kuna moto. Baada ya hapo karai huwa jeusi lenye kung'aa, na tangu siku hiyo sijaonja tena ladha ya chuma.

Mara ya pili ilikuwa kosa langu. Chuma kinene hukawia kupata moto, kama dakika 5 nzima, na hukawia vilevile kuuachia. Nilizima gesi halwa ilipofikia pale nilipoitaka, nikaenda kuswali, na niliporudi nikaikuta imeendelea kujipika yenyewe mpaka ikawa ngumu na yenye kunata kama tamutamu za watoto. Siku hizi huzima ikiwa bado na unyevunyevu, au huipakua papo hapo kwenye bakuli.

Upishi wenyewe nilifundishwa na mamaye rafiki yangu, mama wa Kipunjabi aliyezaliwa hapa hapa mjini. Karoti hizo za kilo moja tulizikwaruza kwa matundu makubwa ya kikwaruzio, kwa mkono, kwa sababu mashine huzifanya uji na zikapoteza nyuzi zake. Vijiko vitatu vya samli viliwekwa kwanza, karoti zikakaangwa dakika 10 hadi zikalegea na harufu ya ubichi ikatoka, ndipo lita moja ya maziwa yasiyoondolewa malai ikamiminwa. Kutoka hapo alinikataza kuangalia saa. «Mwanangu, sikiliza,» aliniambia, akiwa amekaa kwenye kigoda akichambua lozi na hata hatazami jiko. Mwanzoni mchanganyiko hutokota kwa sauti nzito, blu-blu. Maji yakipungua sauti huwa ya kupasuka-pasuka na mapovu yake huruka na kuunguza mkono. Na mwisho huwa ni mchirizo mwembamba wa samli, kama wa kitunguu kinachokaangwa. Katika hatua ya kwanza unaweza kukoroga kila baada ya dakika chache. Katika ya pili mwiko hautoki mkononi. Karai zito lina faida moja zaidi hapa ambayo sikuitarajia: halichezi unapokoroga, kwa hiyo huhitaji mkono wa pili wa kulishika, na huo mkono wa pili ni muhimu kwa mtu anayekwangua kingo, mahali ambapo malai hukauka na kugandia, malai hayo, yakirudishwa ndani, ndiyo yanayofanya chembechembe laini ambazo wengine huzitafuta kwa kununua mawa, yaani maziwa yaliyokaushwa mpaka yakaganda.

Sukari huingia mwisho, maziwa yakiwa yamekwisha kukauka. Mwenye kuiweka mapema huharakisha kuungua, na hata ukiiweka kwa wakati wake utaona halwa imelainika na kuwa majimaji tena kana kwamba umerudi nyuma nusu saa. Msiogope, hukauka upesi. Mimi hutumia gramu 150, ingawa ninajua nyumba ambamo hiyo huhesabiwa kuwa ni ubahili. Huongeza kijiko kingine cha samli, iliki kumi zilizotwangwa kwenye kinu saa hiyo hiyo, na korosho zilizokaangwa pembeni. Huwa tayari pale samli inapojitenga kando ya karai ikiwa na rangi ya machungwa, kwa kuwa rangi ya karoti huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Kwenye chuma cheusi mstari ule wa rangi huonekana waziwazi kuliko kwenye alumini, na huu ni uzuri mdogo ambao sikuulipia.

Kuhusu karoti, inafaa kusema kwamba zile zinazosifiwa Delhi na Punjab ni nyekundu, za msimu wa baridi, laini na tamu sana, na hapa hatuna. Zetu ni za rangi ya machungwa, hutoka nyanda za juu, Nyandarua, Molo na kwingineko, na hupatikana katika soko la Kongowea mwaka mzima. Chagueni za ukubwa wa wastani, kwa kuwa zile nene huwa na moyo mgumu wa manjano ambao hauivi pamoja na nyama yake. Halwa yetu basi huwa ya machungwa iliyokolea badala ya nyekundu, na anayetaka nyekundu kwa nguvu ya rangi ya dukani na afanye hivyo kwa wageni wake mwenyewe.

Nimebakiwa na malalamiko mawili juu ya karai hili. La kwanza ni kitako chake cha mviringo. Juu ya jiko la makaa hukaa imara kana kwamba lilipimwa, lakini juu ya jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, lile lenye vyuma vitatu vifupi, huinama upande mmoja, na chombo chenye kilo 6 za chuma na maziwa yanayochemka si kitu cha kuachwa kiiname nyumba ikiwa na watoto. Nililazimika kununua pete ya chuma kwa fundi wa mabati, shilingi 250, ambayo duka lilipaswa kuiuza pamoja nalo. Masikio nayo hupata moto sawasawa na tumbo. Bila vitambaa viwili vinene msilishike.

La pili si kosa la mtengenezaji bali la bahari. Hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevu, na chuma hiki kikiachwa na tone la maji usiku mmoja, asubuhi huamka na madoa ya kutu kama hina iliyochuja. Hulazimika kukaushwa juu ya moto kila baada ya kuoshwa na kupakwa mafuta kabla ya kuwekwa kabatini, hata siku ambayo mpishi amechoka. Mwenye kuishi Kizingo au Nyali karibu na ufuo ajue hivyo tangu mwanzo. Vilevile mchuzi wa ukwaju au wa nyanya usipikiwe humo, kwani ukali wake huula ule utando mweusi ulioutesekea, na halwa isilazwe humo hadi kesho yake.

Kwa anayepika halwa ya karoti mara moja kwa mwaka, sioni haja ya kununua. Sufuria nzito ya alumini yenye kitako kinene itamtosheleza na haitashika kutu. Kwa anayeipika kila mwezi, au kila Idi na kila harusi ya jirani kama ilivyo kwangu, karai hili limerudisha gharama yake kwa dakika 30 ninazookoa kila mara na kwa gesi inayokwenda nazo. Kama ningenunua upya ningetafuta lenye kitako bapa, na kabla ya kutoa pesa ningeligonga kwa ufunguo ukingoni: lililo zima hulia kama kengele, na lenye ufa usioonekana hutoa sauti butu. Hilo nilifundishwa na fundi yule wa mabati, wiki mbili baada ya kununua, na nililigonga la kwangu pale pale mbele yake nikiwa nimeshika pumzi. Lililia.