Fundi wa umeme wa pikipiki, Grogan, Nairobi: anapima kwanza, anauza baadaye

Pikipiki yangu ni Yamaha YBR 125 ya zamani, tangu enzi zile pikipiki zikivaa namba za KB kama magari. Niliirithi kwa kaka yangu. Kwa miezi miwili ilinifanyia kisa kilekile kila asubuhi: nabonyeza stata, inalia ka-ka-ka-ka chini ya kiti, taa ya mbele inafifia kama mshumaa, basi. Kiki nayo ilishalika meno, mguu unateleza tu. Nikawa nasukumwa na vijana wa stejini hapa Umoja, na wale hawasukumi mtu bure, lazima uwaachie ya chai.

Nilishapita kwa mafundi wawili ambao sitawataja. Wa kwanza aliisikiliza kidogo akasema, "Betri imekufa, mzee." Nikatoa 3,200. Ikatulia siku nne, kisha ka-ka-ka-ka. Wa pili akasema ni CDI. Nikanunua CDI, na hapa ndipo ninapoona haya, maana kazi yangu mimi ni kutengeneza friji. CDI kazi yake ni kuamuru cheche ya plagi. Injini ambayo haijazunguka hata mara moja, cheche ya nini? Hilo nalijua. Lakini mteja anakungoja South B, jasho linakutoka, na aliye mbele yako ameshika spana, unaamini.

Huyu wa Grogan, au Kirinyaga Road kama unafuata ramani, nilielekezwa na kijana wa bodaboda. Ana kibanda cha mabati ya bluu upande wa kuteremkia mtoni, ukishapita maduka ya beringi. Hana kibao. Uliza fundi wa waya, utaonyeshwa.

Hakugusa kitu kwanza. Aliniuliza: inasumbua ikiwa baridi au hata ikishapata moto? Ilianza kabla ya mvua au baada? Iliwahi kuoshwa kwa mashine ya presha? Iliwahi, tena injini yote. Akacheka kidogo, akachukua mita.

Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Akaniambia nibonyeze stata huku anaangalia. Taa ikafifia, lakini kwenye vichwa vya betri mita ilibaki juu ya 12. "Unaona, mzee? Betri iko na nguvu, inazuiwa njiani." Kisha akafanya kitu ambacho nimekifanya mara mia kwenye kompresa na sikuwahi kukifikiria kwa pikipiki yangu mwenyewe: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Bonyeza tena. Volti 4.3! Hapo haifai kupita hata nusu volti. Umeme ulikuwa unapotelea kwenye waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na injini.

Alipofungua bolti inayoufunga kwenye injini, chini yake palikuwa na unga wa kijani na kutu, na nyuzi za waya zimebaki chache kama nywele za mzee. Akakata kichwa cha waya, akaweka kipya kwa kukibana na kukichomea risasi, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akapaka grisi juu. Kipimo kikashuka hadi 0.1. Stata ikazungusha injini mara moja tu, ikawaka.

Bado hakuniachilia. Akavuta mafuta, akapima chaji: 14.1. Akasema reguleta, kile kidude kinachodhibiti chaji, ni nzima, nisikubali mtu aniuzie nyingine. Kazi yote saa moja na nusu, shilingi 900 kwa M-Pesa, na humo mna kile kichwa kipya cha waya.

Sasa lawama. Alisema nifike saa mbili, yeye akafika saa nne kasoro, na simu hashiki. Hakuna pa kukaa, nilisimama juani nikipishana na mikokoteni. Risiti hatoi, kwa hiyo kama pikipiki ni ya kampuni, jipange. Na nyaya nyingine alizofungua karibu na usukani alizifunga kwa tepu ya bei rahisi. Wiki ya tatu hii imeshaanza kulainika kwa jua na kuacha gundi. Nimeitoa, nikaifunga mwenyewe. Taa ya nyutro bado inacheza nikipita matuta. Aliniambia ni swichi na nirudi siku nyingine. Nitarudi, ila nitabeba kigoda.

Asubuhi za baridi za wiki hizi tatu imewaka bila kusukumwa. Na ile betri ya kwanza niliyoambiwa imekufa niliichaji nikaipima: 12.7. Sasa hivi inawasha taa ya kibanda cha mboga cha mke wangu.