Nyama kavu ya kulisha mbwa: ya kwanza nilifurahi, ya pili wameniudhi

Nina hasira, na naandika hivyo hivyo, maana watu wa Mbeya tunaofuga mbwa tunauziwa vitu vya ajabu.

Naongelea ile nyama mbichi ya kulisha mbwa inayogandishwa kisha ikakaushwa, inayoletwa kwenye pakiti kutoka nje. Mwanzoni niliipenda mno. Mbwa wangu Bosi ni mzee, na tangu alipougua alisusa kula. Ugali na usipa wa Kyela aliokuwa anamaliza bila kuinua kichwa, sasa ananusa na kwenda zake. Shemeji akanibebea pakiti moja kutoka Dar. Vipande vyepesi kama bisi, ukivibana vinavunjika. Unalowesha kwa maji ya uvuguvugu, unasubiri kidogo, harufu ya nyama inapanda. Bosi alilamba bakuli mpaka likagota ukutani. Nililia kwa furaha.

Ilipoisha, nikaipata ya aina ileile kwenye duka moja la dawa za mifugo, Mwanjelwa. Mvua zilikuwa zimeshika, na pakiti ilikaa rafu ya chini kabisa, pale mlangoni maji yanaporukia. Kufungua nyumbani, vipande vinapinda badala ya kuvunjika, vimeshikana mabonge, vinanuka uvundo. Kuangalia vizuri, mshono wa juu umeachia.

Nikairudisha. "Kaka, hii imeingia unyevu, naomba unibadilishie." Muuzaji hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Dada, si unailoweshaga mwenyewe? Sasa ikilowa mapema kuna ubaya gani?" Wateja wakacheka. Akaongeza: "Mbwa ni mbwa tu, mpe atakula."

Kuna ubaya mkubwa! Nyama ile haijapikwa. Inagandishwa, inawekwa kwenye mtambo unaofyonza hewa, barafu inageuka mvuke bila kupitia kuwa maji. Inabaki kavu, lakini ni mbichi. Vijidudu kama salmonela kukaushwa namna hiyo hakuviui. Vinaweza kukaa humo vimetulia mpaka vipate unyevu, na vikiupata vinazaliana. Mimi nalowesha muda ule ule wa kula, kinachobaki namwaga, bakuli naliosha kwa sabuni na mikono pia. Yake imelowa tangu lini? Na akiugua mtoto anayeshika lile bakuli, nimpeleke kwake akamtibu?

Muuza dawa za mifugo ndiye anayejibu hivyo! Mtu tunayemwendea kuuliza dozi ya minyoo!

Nilitaka niseme msinunue kabisa. Bei yake inauma, kwa hela ile napata debe la mahindi na usipa wa kutosha. Lakini hapana, siwezi kusema uongo, ile pakiti ya kwanza ndiyo iliyomrudisha Bosi kwenye chakula. Chakula chenyewe ni kizuri. Ila kwa nyinyi wa huku kwetu kwenye mvua na ukungu, kama hujaikagua mishono yote kwa vidole, na kama muuzaji hataki uiguse, iache hapo hapo. Tena afadhali supu ya mifupa ya buchani kuliko pakiti iliyoachia.

Mwenye kujua duka Mbeya au hata Iringa linaloiweka juu, pakavu, na wauzaji wanaojibu watu vizuri, aniambie, hela nitatafuta. Kule Mwanjelwa sirudi, hata wagawe bure.